Wa zamani hadi lini?

Simu iliingia mchana nikiwa nakula. Namba siijui.

"Wewe ndiye uliyeandika habari ya maharage ya Katumba?"

Sauti ilikuwa ya mtu mzima. Nikasema ndiyo, shikamoo mama. Marahaba yake ilichelewa, ikaja kama ya mtu anayelipa deni asilolitambua.

"Marahaba. Mwanangu, umetuandika wakimbizi wa zamani. Mimi nina cheti cha uraia, nimekifunga kwenye mfuko wa nailoni, kiko ndani ya sanduku. Sasa nitakuwa wa zamani hadi lini?"

Nikamjibu kwa haraka ya mtu anayedhani anaijua sarufi. Nikasema mama, "wa zamani" maana yake ni kwamba jambo limekwisha. Rais wa zamani si rais tena. Mkimbizi wa zamani si mkimbizi tena.

Akacheka kidogo, cheko lisilo na raha. "Rais wa zamani ana gari na walinzi. Halafu hebu sikia. Ukisema huyu ni rafiki yangu wa zamani, urafiki umekufa?"

Sikuwa na jibu. Ugali wangu ukapoa.

Nimelifikiria swali lile kwa muda mrefu kuliko habari yenyewe ya maharage, na nataka kuliweka hapa kwa sababu naamini si swali la sarufi tu. Nilichofanya siku ile ni kitu ambacho waandishi wa habari wa Tanzania tunakifanya kila wiki. Mezani nilikuwa na ripoti ya Kiingereza. Ripoti ilisema "former refugees". Nikatafsiri, nikatuma, nikaenda zangu. Kiingereza kina "former" kwa kitu kilichokwisha na "old" kwa kitu kilichodumu. Kiswahili chetu vyote viwili tumevitia chungu kimoja: wa zamani. Kwa hiyo mimi niliandika "hawa si wakimbizi tena", naye akasoma "hawa ni wakimbizi wa siku nyingi". Tulikuwa tunasoma maneno yaleyale matatu, na kwa Kiswahili fasaha wote wawili tulikuwa sahihi.

Na tusikisifu Kiingereza kwa usafi. Katika ripoti hizohizo Katumba, Mishamo na Ulyankulu huitwa kwa pamoja "Old Settlements". Makazi ya zamani. Je, yaliyokwisha au yaliyodumu? Watu walioishi humo kwa zaidi ya miaka arobaini walikuwa wanasubiri serikali na mashirika waamue ni lipi kati ya hayo mawili.

Kwa msomaji asiyeijua Katavi: Katumba iko nje kidogo ya Mpanda, leo katika Halmashauri ya Nsimbo. Zamani (nimelitumia tena!) yote hiyo ilikuwa Mkoa wa Rukwa, kabla Katavi haijawa mkoa mwaka 2012. Mwaka 1972 Burundi ilikumbwa na mauaji makubwa yaliyowalenga Wahutu, hasa waliosoma, na maelfu kwa maelfu wakavuka kuja kwetu. Serikali ya Mwalimu Nyerere haikuwaweka kwenye mahema mpakani wangoje mgao. Iliwapeleka ndani, kwenye pori, ikawapa ardhi wafyeke na walime. Ulyankulu kule Tabora, Katumba hapa, na baadaye Mishamo mwishoni mwa miaka ya sabini. Shirika la kikristo la TCRS na Umoja wa Mataifa wakashirikiana na serikali kupima viwanja, kuchimba visima, kujenga shule. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sijui nchi nyingine iliyoitekeleza methali hii kwa kiwango kile. Walipewa jembe kwelikweli, na katika miaka michache watu wa Katumba walikuwa wanajilisha na kuuza ziada. Mwaka 1983 Nyerere alipewa Nishani ya Nansen, ambayo Umoja wa Mataifa huwapa waliowatendea mema wakimbizi. Haki yake.

Kilichojengwa pale kwa Kiingereza kiliitwa "settlement". Hilo neno lina ukoo mrefu. Kitenzi chake, "settle", ni kama kisu cha jikoni, hakuna kazi kinachoikataa. Vumbi likitua baada ya lori kupita, hilo ndilo neno. Ukilipa bili mgahawani, neno hilohilo. Ndugu wawili wanaogombea shamba wakipatana kabla ya hukumu, hilo. Kijana mzururaji akioa na kujenga, Waingereza watasema ame-settle. Anayelipiza kisasi naye ana-settle kitu fulani. Ukitamani pikipiki ukaambulia baiskeli na ukanyamaza, wanasema ume-settle for. Na wale Wazungu waliojitwalia nyanda za juu za Kenya waliitwa "settlers", ambao sisi tunawaita walowezi.

Tazama basi. Mzungu aliyechukua ekari elfu kwa nguvu na Mrundi aliyekatiwa kipande cha pori akiwa hana kitu mgongoni, kwa Kiingereza wote wametokana na mzizi mmoja. Tofauti yao haimo ndani ya neno. Imo katika nani alikuwa na bunduki, na nani alihitaji kibali ili aende Mpanda mjini. Maana Katumba haikuwa kijiji kama vijiji vingine. Ilikuwa na Mkuu wa Makazi chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na kutoka kulikuwa kwa karatasi. Watu walikuwa wametua, lakini kama vumbi ndani ya chupa.

Kiswahili chetu kilitafsiri "makazi", kutoka kukaa. Nacho kitenzi hiki kina mambo yake. Mtu hukaa kitini, hukaa Dodoma, hukaa kimya. Shati humkaa vizuri. Chakula hukaa siku mbili bila kuchacha. Lakini kukaa hakusemi chochote kuhusu haki. Mpangaji anakaa, mwenye nyumba anakaa, mfungwa naye amekaa miaka saba. Mjini Mpanda wenzangu wengi hata hilo makazi hawakulitumia. Walisema kambini, "yule ametoka kambini," ingawa hapakuwa na hema hata moja na nyumba za Katumba zilikuwa na miembe mirefu kuliko ya kwetu.

Sasa tufike kwenye sehemu inayonikera. Mwaka 2007 zilianza mbinu za kulimaliza suala hili, na kwa Kiingereza suluhisho la aina hii huitwa "durable solution". Watu waliulizwa: kurudi Burundi au kuwa Watanzania? Takriban wanne kati ya watano walichagua Tanzania. Makumi ya maelfu walichagua kurudi, na hapo napo kuna neno la kutazama, kwa sababu wengi kati ya waliopanda malori hayo walizaliwa huku. Unarudije mahali ambapo hujawahi kufika? Kiingereza kina "return" na "home", maneno yasiyo na mwenyewe, unaweza kumvisha mtu yeyote. Kiswahili hakiruhusu uvivu huo. Ukitaka kusema nyumbani kwa mtu lazima useme kwetu, kwenu, au kwao, na hapo ndipo utakapokwama. Mtoto aliyezaliwa Katumba mwaka 1985, akacheza chandimu Katumba, akajifunza Kiswahili cha shule na Kirundi cha mama, kwao ni wapi? Neno la Kiingereza lilipita juu ya swali hilo kama gari lenye taa kali.

Waliochagua Tanzania waliomba uraia, na mwaka 2010 ikatangazwa kwamba zaidi ya watu 160,000 wamekubaliwa. Ni jambo kubwa. Hakuna nchi nyingi duniani zilizowahi kufungua mlango kwa upana ule kwa siku moja, na ninapolalamika hapa nisisikike kama mtu asiye na shukrani kwa nchi yake. Lakini mpango ulikuwa na sharti: ili upate cheti, uhame. Makazi yafungwe, watu watawanywe mikoani, wachanganyike na Watanzania wengine. Kwa maneno mengine, mtu aliyekuwa "settled" kwa miaka 37 aliambiwa ang'oke ili atulie. Sheria yetu nayo haitaki uraia pacha, na watu walikuwa wameukana wa Burundi. Kuanzia 2010 hadi 2014 wakawa wakimbizi kwa karatasi moja, raia kwa tangazo, na mkononi hawana kitu. Ujenge nyumba au usijenge? Upande mwembe au usipande? Mwembe haupandwi na mtu anayehama mwakani. Mwishowe sharti la kuhama liliachwa, na vyeti vikaanza kugawiwa Oktoba 2014.

Kitendo hicho cha kumpa mtu uraia kwa Kiingereza ni "naturalisation". Humo ndani mna "natural", kitu cha asili, kisichotengenezwa. Kwa hiyo mtu anafanywa wa asili kwa fomu, picha mbili za pasipoti na mhuri. Wafaransa, ambao lugha yao Warundi wengi waliosoma wanaijua, hutumia kitenzi hichohicho kwa kumkausha mnyama na kumjaza pamba ili asimame makumbusho kama mzima. Sisemi kwamba serikali ilikuwa na pamba. Nasema tu kwamba maneno haya yana vyumba vya nyuma. Sisi tulichukua la Kiarabu, tajnisi, lenye mzizi mmoja na jinsi na jinsia, yaani kumtia mtu katika aina fulani. Na "raia" lenyewe Kiarabu chake kinahusu kundi linalochungwa. Kati ya maneno yote haya ninalolipenda ni la Kirundi, umwenegihugu, ambalo ni ndugu wa mwananchi wetu. Mwana wa nchi. Lakini kwenye cheti halimo. Kwenye cheti mna tajnisi, na raia wa tajnisi kwa sheria anaweza kunyang'anywa uraia, jambo lisilomhusu aliyezaliwa nao.

Nikirudi kwa mama wa simu. Nilidhani mwanzoni anachokataa ni neno mkimbizi lenyewe, kwamba ni tusi. Ni dhana rahisi, na nusu yake ni kweli. Kiingereza kinamwita mtu "refugee" kwa kile alichokipata, yaani hifadhi. Kiswahili na Kirundi vinamwita kwa kile alichokifanya: mkimbizi ametokana na kukimbia, impunzi imetokana na guhunga, kukimbia hatari. Halafu tazama umbo lake. Mjenzi, mlinzi, mkimbizi. Kwetu umbo hilo huwa la kazi ya mtu au tabia yake. Alikimbia usiku mmoja wa 1972 akiwa msichana, na lugha ikamfanyia kukimbia kuwa kazi ya maisha. Halafu wajukuu wakairithi kazi hiyo bila kukimbia hata hatua moja.

Lakini kuna nusu nyingine. Katikati ya miaka ya themanini, mwanaanthropolojia Liisa Malkki alikaa na Warundi wa 1972 katika sehemu mbili, Mishamo na mji wa Kigoma, na mwaka 1995 akachapisha kitabu kiitwacho Purity and Exile. Alichokikuta kingemshangaza mhariri wangu. Wale wa Mishamo, waliowekwa pamoja porini, walilishika jina la mkimbizi kwa heshima. Lilikuwa linawaambia kwamba wao ni taifa lililo uhamishoni, lenye historia na lenye siku ya kurudi. Wale wa Kigoma mjini walilikwepa. Walitaka kuwa wauza samaki, mafundi, wapangaji, watu tu wa mtaani, na ukiwauliza asili yao walikuwa na majibu mengi. Mauaji yaleyale, mpaka uleule waliouvuka, neno lilelile, na wenyewe wakagawanyika kuhusu kulibeba. Hannah Arendt naye, mwaka 1943 huko New York, aliandika jinsi Wayahudi wenzake waliokimbia Ujerumani walivyolichukia jina hilo wakajitafutia mengine. Kwa hiyo siwezi kusema neno ni baya. Siwezi hata kusema ni zuri.

Zaidi ya hapo neno hili ni ngao. Chini ya Mkataba wa Geneva wa 1951, aliye mkimbizi harudishwi kwa nguvu alikotishiwa kuuawa. Palepale Katumba hawakuwa wote waliopata cheti. Wapo ambao maombi yao yalikataliwa, na jirani mmoja akaamka Mtanzania na mwingine akabaki alivyokuwa. Kwa huyo wa pili, nikilifuta neno mkimbizi kwenye habari kwa ajili ya adabu, nimemvua nguo pekee aliyonayo. Na kule Kigoma kuna waliokuja miaka ya karibuni ambao bila neno hilo hawana chochote.

Basi kosa langu lilikuwa wapi? Mhariri aliniambia halikuwapo. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Alisema, je, ni kweli au si kweli kwamba walikuwa wakimbizi? Ni kweli. Sasa mwandishi anaombaje radhi kwa kuandika kweli?

Nilimjibu vibaya siku ile. Leo ningemjibu hivi. Babu yangu alihamia Mpanda kutoka Ufipa. Ni kweli, ushahidi upo, na mpaka leo nina shangazi wanaocheka lafudhi yangu nikienda Sumbawanga. Hakuna gazeti lililowahi kuniandika "mhamiaji wa zamani". Nikitoa maoni kuhusu bei ya mahindi naandikwa mkazi wa Mpanda, inatosha. Kweli zinazomhusu mtu ni nyingi kama unywele, na anayeandika huchagua mmoja wa kuuvuta. Habari yangu ilihusu maharage: ubora wake, barabara, madalali wanaopanga bei. Hapakuwa na sentensi hata moja ndani yake iliyohitaji mwaka 1972. Niliuvuta unywele ule kwa sababu ripoti ya Kiingereza iliuvuta, na ripoti iliuvuta kwa sababu iliandikwa kwa ajili ya wafadhili, ambao kwao Katumba haina sababu nyingine ya kuwepo. Maana moja kati ya nyingi ilichaguliwa ofisini mbali sana, mimi nikaisafirisha bila kufungua mzigo.

Na kuna la pili, ambalo nililigundua niliporudia kusoma habari yangu baada ya ile simu. Aya ya kwanza niliwaita wakimbizi wa zamani. Aya ya nne, ili nisirudierudie, niliwaita "Watanzania wapya", nalo nimelitoa kwenye ripoti hizohizo. Wa zamani na wapya, watu walewale, ndani ya aya nne. Kilichokosekana katikati ni siku ya leo, ambayo ndiyo mama yule anaishi, anapepeta maharage na kubishana na dalali. Mpya naye ana maana mbili, kama unavyojua. Shati jipya ni sifa. Mwanafunzi mpya ni yule anayetumwa maji.

Nilimpigia simu jioni. Sikuwa na maneno mengi. Nilisema mama, nimeelewa, neno lile lilibeba kitu nisichokikusudia. Akauliza kama nitalifuta. Nikamwambia gazeti likishachapwa limechapwa. Akanyamaza. Halafu akaniuliza mimi ni wa wapi, nikasema Mpanda, akasema hapana, kwenu hasa, nikasema basi, Ufipa. "Ahaa," akasema, "kumbe na wewe umetoka mbali." Tukaagana.

Miezi kadhaa baadaye niliandika tena kuhusu Katumba, safari hii mbolea iliyochelewa. Nikaandika "wakulima wa Katumba". Mhariri akanirudishia, ameweka alama pembeni kwa kalamu nyekundu: wakulima gani?

Nikaandika chini yake: wa maharage.